Kisigino cha Lavinia

Leora Zerbe alikuwa amebana midomoni vijiti vya mbao vya kupigilia soli, kiatu kimepakatwa magotini na nyundo iko mkononi, mama yake alipousukuma mlango wa karakana bila hodi.

"Yule mtu yuko nje," Verna alisema.

Leora aliinua nyusi. Kwa vijiti vile mdomoni hakuweza hata kuuliza ni mtu gani.

"Usinitolee macho. Haldeman. Ameegesha gari lake la matufaha mbele ya maua yangu, ameshika boksi kama mtu aliyeleta keki. Nimwambie umesafiri?"

Leora alivitema vijiti kiganjani, taratibu, kimoja baada ya kingine, ili apate nafasi ya kupumua. Moyo ulikuwa umeshaanza kwenda mbio na hakutaka mama yake aone.

"Mwambie aingie."

"Leora!"

"Mama, mwambie aingie. Nyundo ninayo."

Ulikuwa umepita mwaka na ushei tangu Orrin Haldeman amvunjie heshima mbele ya mji mzima wa Ebersville. Kila kiangazi kikundi chao cha maigizo huvaa, hula na hulala kama watu wa 1863, mwaka ambao vita vilipita katikati ya mashamba yao. Wanaume huburuta mizinga, wanawake hupika nje kwa kuni, na siku ya mwisho hufanyika dansa katika ukumbi wa zimamoto. Orrin ndiye mkaguzi wa mavazi. Hakuna aliyempita pale mlangoni mwa dansa, awe mkubwa au mdogo. Kifungo cha plastiki, nje. Saa ya mkononi, nje. Siku moja alimrudisha mchungaji nyumbani kwa ajili ya zipu.

Leora alikuwa amefika na gauni la hariri ya kijani ambalo mama yake alilishona majira yote ya baridi, na viatu alivyovitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, vyenye visigino virefu vilivyobinywa katikati kama kiuno. Orrin alipiga goti, akalinyanyua pindo kwa ncha za vidole, akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni, "Kisigino hiki ni cha miaka ishirini baadaye. Wanawake wa bonde hili mwaka 1863 walivaa viatu bapa, bila kisigino. Samahani, huwezi kuingia." Nyuma kukasikika kicheko. Leora alivivua viatu palepale, akarudi garini kwa soksi, mama yake anamfuata huku amelishikilia pindo lisiburuzwe kwenye kokoto.

Tangu siku ile hakutulia. Makumbusho, maduka ya vitu vya kale, madari ya makanisa, popote aliposikia pana kiatu cha zamani alikwenda. Akifika anakigeuza juu chini, anakipapasa kisigino, anakichora. Aliona vilivyo bapa, akaona vya kati, akaona na vile vya kiuno. Lakini viatu vile vilikuwa vya watu wa mbali, au havikuwa na mwaka, au havikuwa na mwenyewe. Leora alitaka kiatu kimoja tu cha mwanamke wa bonde hili, cha miaka ile ile, ambacho hakuna mtu angeweza kukibishia.

"Unatafuta kisigino," mama yake alimwuliza siku moja, "au unamtafuta Haldeman?"

Leora alishika kalamu akaendelea kuchora, na hilo ndilo lililomuudhi Verna zaidi.

Orrin aliinama kupita mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, mikono imekwaruzwa na matawi, kofia ameishika, na harufu ya matufaha ikaingia pamoja naye na kuikuta harufu ya ngozi na gundi.

"Habari za asubuhi, Leora."

"Orrin."

"Nimekuletea kitu."

"Naona. Kama ni keki, mama ameshaoka."

"Na hakuoka ya kugawa," Verna alisema. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango, mikono kifuani, na ilikuwa wazi kwamba hana safari ya kwenda popote.

Orrin aliweka boksi mezani, akafunua karatasi laini kwa uangalifu kama anayemfunua mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na kiatu kimoja cha kike, cheusi, cha kitambaa na ngozi, chembamba, cha kufunga kamba ubavuni. Kisigino chake kilikuwa kirefu. Tena kilibinywa katikati kama kiuno.

Leora aliweka nyundo chini.

"Cha nani?"

"Lavinia Haldeman. Ni mama wa babu yake baba. Aliolewa nacho 1862, kanisa lile la kilimani. Kimekaa kwenye kasha letu tangu alipofariki." Orrin alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Jumapili ijayo kikundi kinakutana kupanga kanuni za msimu. Nitasimama niseme hivyo mbele ya wote waliokucheka."

Haya ndiyo maneno ambayo Leora alikuwa ameyasubiri mwaka mzima. Mara ngapi alikuwa ameyaota akiwa anasugua soli! Alimwangalia Orrin, akaona masikio yake yamekuwa mekundu. Macho yao yakakutana, yakakaa pamoja kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha Orrin akayashusha.

Leora alikichukua kiatu, akakipeleka dirishani. Fundi hapewi kiatu akakaa bila kukigeuza. Alipitisha kidole kwenye mshono, akaufuata ukingo wa soli, akafika kisiginoni, akasimama.

"Nipe taa ile."

Orrin alimpa, akabaki hapo kuishika. Vichwa vyao vilikaribiana hadi Leora akasikia pumzi yake kwenye nywele. Alijilazimisha kutazama kiatu.

"Ona hapa. Tabaka la chini limeachia. Ndani unaona nini?"

"Misumari."

"Misumari ya aina gani?"

Orrin alisogeza taa karibu.

"Ya mviringo, ya waya," Leora akajijibu. "Soli nzima imepigwa vijiti vya mbao, kama hivi vyangu. Fundi wa kijijini wa 1862 angeipata wapi misumari ya waya? Halafu ona rangi ya ngozi pembeni hapa. Palikuwa na kisigino kingine kabla ya hiki, kipana zaidi. Hiki kiliwekwa baadaye. Labda hata hiyo miaka yako ishirini."

Alisema hivyo akamgeukia, akitegemea kumwona ameshangaa. Orrin hakushangaa. Alikuwa anatazama sakafu, na hilo ndilo lililomchoma Leora.

"Ulijua."

"Leora, sikiliza..."

"Ulijua, Orrin? Ndiyo au hapana."

"Baba alipata kusema kwamba Lavinia alikipeleka kwa fundi ukubwani. Binti yake alikuwa anaolewa, akataka viatu viende na wakati." Akaiweka taa mezani. "Sikuwa na hakika."

"Ila hakika uliyokuwa nayo ilitosha kukunyamazisha."

"Nilitaka ushinde."

"Nishinde!" Leora alikiweka kiatu mezani polepole, maana kiatu hakikuwa na kosa. "Mwaka mzima watu wananiita Bibi Kisigino. Nikienda dukani naulizwa kama naruhusiwa kuingia. Nimevumilia, nikatafuta, kwa sababu nilijua siku nitakayosimama mbele yenu nitasimama na jambo la kweli. Leo wewe, uliyemfukuza mchungaji kwa zipu, unaniletea uongo umeufunga kwenye karatasi laini?"

"Ni uongo huo mmoja tu," Orrin alisema kwa sauti ya chini. "Na nisingeusema kwa ajili ya mtu mwingine yeyote."

"Huo ndio unaoniogopesha. Mtu akinidanganya kwa kunipenda, nitajuaje siku anaponidanganya kwa kunichoka?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Hakuna kati yao aliyewahi kulitamka, na sasa lilikuwa hapo kati ya makopo ya gundi, wote wawili wanalisikia. Orrin alifumbua mdomo. Verna akamwahi.

"Umesikia mwenyewe. Mlango ni huo huo ulioingilia."

Orrin alivaa kofia. Pale mlangoni aligeuka. "Kiatu kibaki. Wewe ndiye unayejua kukitazama."

Wakasikia gari likiwaka, likirudi nyuma, likikanyaga maua.

*

"Afadhali," Verna alisema wakati wa chakula cha mchana, akigawa mkate wa nyama. Akasema tena Jumatatu, akasema tena Jumanne. Jumatano akaongeza jipya. "Yupo Galen, yule wa benki. Mtu mpole. Hajui hata kisigino ni nini."

"Hiyo ndiyo shida yake, Mama."

"Huyo mwenzake anajua, amekufaa nini? Mimi nilikaa na gauni lile theluji ikianza mpaka ikayeyuka. Vidole vilivimba. Watu hawakuliona hata dakika moja! Akaja akapiga goti, akalinyanyua kama pazia la jikoni." Verna aliacha kisu. "Sikukulea umri wote huo ili nikukabidhi kwa mtu asiyeona ila makosa."

Leora alimshika mama yake mkono. Alikuwa akidhani wakati wote kwamba Verna anabeba hasira kwa niaba ya binti yake. Kumbe alikuwa na kidonda chake mwenyewe.

Lakini kiatu kilikuwa mezani karakanani, na kila alipopita alikitazama. Kila usiku usingizi ulimkatika akiliwaza lile tabaka lililoachia. Kisigino cha kwanza kilikuwa na umbo gani? Kwa nje lisingeonekana. Kulikuwa na njia moja tu ya kujua, na hakuwa na haki ya kuifuata peke yake.

Alhamisi asubuhi alikifungasha kiatu, akachukua visu vyake vyembamba, koleo na vipande vya ngozi.

"Unakwenda wapi?" Verna aliuliza.

"Shambani kwa Haldeman. Kumwomba ruhusa ya kukibandua kisigino."

"Na akikataa?"

"Nitakuwa nimeuliza."

Verna alimtazama, akaliona lile taya la marehemu mumewe limekaza usoni kwa binti yake, akajua hapana maneno yatakayolilegeza. Akavuta koti lake msumarini. "Nakuja. Lakini nitakaa garini. Sishuki."

*

Orrin alikuwa juu ya ngazi, mfuko wa kuchumia umening'inia kifuani. Alipomwona Leora anakuja kati ya mistari ya miti, alishuka haraka hadi akakosa kidato cha mwisho.

"Sikuja kukusamehe," Leora alisema kabla hajafika. "Nimekuja kuomba kisigino."

"Kisigino?"

"Nataka kukibandua nione kilichokuwa chini yake. Nitatumia akili yangu yote, na nikimaliza nitakirudishia. Lakini hakitakuwa tena kama Lavinia alivyokiacha. Hilo nakwambia mapema, usije ukasema sikukwambia."

Orrin aliuvua mfuko, akauweka chini. Kiatu kile ndicho kitu pekee cha Lavinia kilichokuwa kimebaki. Leora alijua, na aliona anavyopima.

"Nikikataa?"

"Nitakurudishia leo hii kama kilivyo. Jumapili nitasimama niseme sijui."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote. Kusema sijui hakujamuua mtu."

Orrin alimwangalia. Jua lilikuwa linapita kwenye majani na kumwangukia Leora usoni vipande vipande, na safari hii hakuyashusha macho.

"Bandua," alisema.

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu Jumamosi. Nilikuletea nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ichukue mwenyewe."

Waliingia kwenye banda la kupangia matufaha, wakasogeza makasha, wakatandika taulo juu ya meza ndefu. Kupitia mlango Leora alimwona mama yake garini, vioo vimepandishwa, anatazama mbele kama dereva wa mazishi.

"Shika hapa. Kwa mikono yote miwili. Usibane, shika tu."

Orrin alishika. Leora alipenyeza kisu kwenye ufa, akakisogeza kwa upana wa unywele, akasimama, akasogeza tena. Msumari wa kwanza ulilia. Orrin alifumba macho.

"Unaumia wewe au kiatu?"

"Endelea tu."

Wa pili ulikuja na kutu. Wa tatu ulikataa, na Leora alilazimika kuweka mkono wake juu ya mkono wa Orrin ili apate nguvu ya kuuvuta. Mkono wa Orrin ulikuwa wa moto, nao ukabaki tuli kabisa, na Leora akagundua kwamba hajawahi kufanya kazi na mtu anayejua kutulia namna ile. Kisha pakasikika mlio mdogo, kisigino cha kiuno kikamdondokea kiganjani kama jino.

Waliinama wote.

Fundi wa zamani hakuwa amebandua kila kitu. Chini palibaki tabaka moja la ngozi, jeusi kwa uzee, limepigwa vijiti vya mbao vya pembe nne. Mbele lilikatwa mstari ulionyooka, nyuma likazunguka kufuata unyayo. Lilikuwa pana. Kiuno hakikuwapo.

"Hili ndilo la 1862," Leora alinong'ona. "Hivi vijiti ndivyo vya soli, mkono ni uleule mmoja. Orrin, hiki ndicho kisigino chake!"

"Kwa hiyo kilikuwa bapa? Tabaka moja?"

"Ngoja." Alikisimamisha kiatu mezani. Ncha yake ya mbele ilitazama juu, kiatu kikaegemea nyuma kama mtu aliyelewa. "Kingekuwa bapa kingekaa. Nipe zile ngozi."

Akatia kipande kimoja chini ya kisigino. Ncha ikashuka kidogo. Akatia cha pili, Orrin akampa cha tatu kabla hajaombwa. Walipotia cha nne, soli yote ya mbele ililala juu ya meza na kiatu kikatulia. Leora alikigusa kwa kidole. Hakikuyumba. Akalaza kidole gumba pembeni ya zile ngozi. Kimo kilikuwa sawa na upana wa kidole hicho, si zaidi.

"Kifupi," alisema.

"Lakini kipo," Orrin alisema.

"Kimenyooka. Hakina kiuno."

"Lakini kipo!"

Wakatazamana. Leora ndiye aliyeanza, kicheko kikamtoka puani kwanza, halafu Orrin akashika meza, wakacheka hadi machozi, wawili waliochukiana mwaka mzima kwa ajili ya kitu ambacho wote walikuwa wamekikosea.

Mlango wa gari ulibamizwa. "Mnacheka nini huko?" Verna aliingia bandani, akakitazama kiatu, akatazama ngozi zilizopangwa. "Si ndiyo hivyo! Kwa kisigino cha namna hiyo pindo linagusa buti palepale linapotakiwa. Nilikwambia, Leora, viatu vyako vile vinalining'iniza gauni vibaya mbele. Ukanijibu kosa ni la mkato wa gauni."

"Halikuning'inia vibaya," Orrin alisema.

Verna alimgeukia polepole.

"Lile gauni la kijani," Orrin aliendelea. "Mshono wa bega umeshushwa chini ya bega. Mikono ina mapindo mawili kwenye kiwiko. Vifungo vimevikwa hariri ileile, kimoja kimoja, kwa mkono. Na ndani ya pindo kuna utepe wa sufu ili hariri isichakae. Nimekagua mavazi tangu nina miaka ishirini, Mama Zerbe. Sijawahi kuona gauni sahihi kama lile."

"Uliliona?" Sauti ya Verna ilikuwa ndogo.

"Nililiona lote. Nikamwona na aliyelivaa. Nikashindwa kumtazama usoni, ndipo nikainama kutafuta kosa miguuni."

"Na mdomo wa kuyasema hayo siku ile ulikuwa wapi?"

"Sikuwa nao."

"Mjinga wewe," Verna alisema, lakini si kwa ile sauti ya mlangoni kwake. Alichukua tufaha kutoka kashani, akalifuta kwenye koti. "Nakwenda kulila hili garini. Nikilimaliza, tunaondoka."

Leora alisubiri hadi hatua za mama yake zilipoishia kwenye nyasi.

"Uliniuliza utajuaje," Orrin alimwahi. "Sina jibu la kupendeza. Ninachoweza ni kukwambia jambo lolote likiwa bado bichi, hata kama litaniaibisha. Naanza leo. Nimekupenda tangu kabla ya ile dansa. Nilikupenda ukiwa umekaa kwenye nyasi unamshonea mzee Klinger soli ya buti, umebana sindano kwenye meno na unamgombeza."

Leora alihisi uso unawaka. "Na la pili?"

"La pili, naogopa Jumapili."

"Tutasimama wote wawili. Utasema ulikosea, nitasema nilikosea."

"Watatucheka."

"Wacheke. Wakimaliza, tutawaonyesha." Alikuwa ameshika ukingo wa meza, na Orrin akaweka mkono wake juu yake, vidole vya gundi na vidole vya utomvu. Leora hakuuondoa. Aliinuka kwa ncha za vidole vya miguu na kumbusu pembeni ya mdomo, haraka, kama mtu anayepiga muhuri.

Nje, honi ya gari ililia mara moja.

"Anakula haraka mno," Orrin alisema.

*

Jumapili ukumbi wa zimamoto ulijaa. Mzee Emmert Klinger, mwenyekiti wa kikundi, alikaa mezani na kikombe chake cha kahawa. Orrin alisimama wa kwanza. Hakuzunguka: alieleza alichokisema mwaka ule mlangoni, akaeleza kwamba hakuwa na ushahidi, akaeleza na kiatu alichompelekea Leora huku anajua kina kasoro. Hapo watu wakaguna. Leora alijua hilo la mwisho halikuwa lazima alitaje. Lingeweza kubaki kati yao. Alimtazama akitokwa jasho mbele ya watu wake, shingo imenyooka, na ndani yake kitu kikakaa mahali pake.

Naye akasimama. Akasema visigino vyake vilikuwa virefu mno na vya miaka ya baadaye, akainua kiatu cha Lavinia kikiwa juu ya zile ngozi nne, akaeleza vijiti, misumari na tabaka lililobaki. Walicheka, kama ilivyotarajiwa. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Bibi Kisigino na Bwana Bapa!" Leora akasubiri wamalize, akampa aliye karibu kile kiatu kipitishwe mkono kwa mkono. Kilipofika safu ya tatu kicheko kilikuwa kimekwisha. Wanawake walikuwa wanakigeuza juu chini, wanaulizana, wanapima kwa vidole gumba. Mikono ilipoinuliwa, kisigino cha Lavinia kikapita kuwa kanuni ya kikundi.

"Bado jambo moja," Klinger alisema. "Napendekeza Leora Zerbe awe mkaguzi wa pili, pamoja na Haldeman. Kanuni yetu inayohusu wakaguzi ni moja tu: wawili wasitoke familia moja. Tuliwahi kuwa na ndugu wawili pale mlangoni, wakapitishana na raba miguuni. Wanaokubali?"

Mikono ilianza kupanda kila upande.

"Samahani," Leora alisema. "Mimi siwezi."

Klinger alishusha miwani. "Huwezi kwa nini? Kazi unaijua kuliko sisi sote. Na kanuni haikugusi. Wewe na Haldeman si familia."

"Bado," Leora alisema.

Mtu aliyekuwa anamimina kahawa aliendelea kumimina hadi ikafurika kikombe. Orrin, aliyekuwa upande wa pili na kiatu cha Lavinia ndiyo kwanza kimemrudia mkononi, alisimama kama mtu aliyepigwa na ubao.

"Umesema nini?" aliuliza.

"Umenisikia."

"Haldeman," Verna aliita kutoka safu ya mwisho, "ufunge huo mdomo. Ukimaliza kuufunga, ufungue tena umjibu binti yangu, sote tuna nyumba za kurudi."

"Ndiyo," Orrin alisema. Akakiweka kiatu kwenye kiti cha jirani, akaanza kupenya kati ya viti, anagonga magoti ya watu bila kuomba radhi. "Ndiyo, Leora. Ndiyo."

Leora alimwendea, wakakutana katikati ya safu, na makofi yakalipuka kiasi kwamba hakuna aliyemsikia mzee Klinger akigonga meza na kuuliza kama yupo mtu mwingine yeyote mle ndani anayejua visigino.